Kabla hujapanda lifti ya mkasi

Pita Ngamiani, hapa mjini Tanga, asubuhi maduka yanapofunguliwa, usimame mbele ya duka lenye lile geti la zamani la vyuma vinavyokunjana. Tazama zile X. Geti likivutwa kufunika mlango, X zinatanuka na kulala. Likisukumwa kando, zinabanana na kusimama. Sasa fikiria geti hilo limegeuzwa, badala ya kuvutwa kwenda pembeni linavutwa kwenda juu, na kileleni pamewekwa sakafu ndogo yenye reli za kujishikia. Hiyo ndiyo lifti ya mkasi. Kilichobaki ni mafuta, betri na akili ya aliye juu.

Kazi yangu ni kufunga taa na nyaya kwenye maghala ya hapa Tanga. Mwongozo huu ni wa fundi umeme, fundi wa rangi, mwenye ghala au msimamizi wa jengo ambaye ataletewa mashine hii kwa mara ya kwanza, akabidhiwe ufunguo, dereva wa lori ageuze zake arudi Dar es Salaam. Haifai kuwa hivyo, lakini hutokea.

Hatua ya kwanza: ielewe X

Chukua vipande viwili vya mbao vya urefu sawa, uvipigie msumari mmoja katikati. Umepata marufaa ya kuwekea msahafu, na miguu ya mbuzi ya kukunia nazi pia. Isimamishe mezani, ushike ncha mbili za chini uzisogeze zikaribiane. Za juu zinapanda, tena zinapanda sawasawa, hakuna iliyotangulia. Huo usawa unatokana na msumari kukaa katikati hasa. Ndiyo maana pini ya mkasi iliyolika haibadilishwi kwa bolti yoyote iliyookotwa gereji: bolti ikicheza ndani ya tundu, jukwaa nalo litacheza, na mchezo wa milimita mbili chini utausikia miguuni ukiwa juu.

Kwenye mashine, ncha moja ya chini imefungwa kwa pini na ya pili ina roli inayoteleza kwenye reli yake. X hupangwa moja juu ya nyingine. Tuseme ziko nne na kila mkono una urefu wa mita 2. Mikono ikiwa imelala, nyuzi 5 tu kutoka sakafuni, X moja ina kimo cha sentimita 17, zote nne sentimita 70. Zikisimama mpaka nyuzi 45, X moja inafika mita 1.41 na zote nne zinapita mita 5 na nusu. Kitu cha kimo cha meza kimefika darini, na magurudumu hayajasogea.

Anayesukuma ni silinda ya haidroliki. Betri inazungusha mota, mota inaendesha pampu, pampu inasukuma mafuta nyuma ya pistoni. Pistoni ya kipenyo cha milimita 80, mafuta yakiwa na shinikizo la bar 150, inatoa nguvu ya kama tani 7 na nusu. Tani saba, kwa kuinua watu wawili na boksi la taa?

Sababu ni pembe. X iliyolala ni ngumu kuiamsha. Ukiisukuma X moja miguuni kwa ulalo ikiwa kwenye nyuzi 5, unahitaji nguvu ya zaidi ya mara 11 ya mzigo ulioko juu. Ikifika nyuzi 45, nguvu inayohitajika ni sawa na mzigo wenyewe. X zikiwa nne, zidisha mara nne. Hapo bado hujahesabu uzito wa vyuma. Kwa hiyo watengenezaji hawailazi silinda chini kabisa, huifunga kwa mshazari katikati ya mikono ili ianze na pembe nzuri. Na kwa hiyo pia mashine yenye betri dhaifu hugoma mwanzoni mwa safari, sentimita chache za kwanza, wakati wewe bado unaweza kuruka chini ukaenda zako. Ikigoma hapo, usiilazimishe. Irudishe kwenye chaji.

Kushuka hakuhitaji pampu. Vali inafunguka, uzito wa jukwaa unayarudisha mafuta kwenye tangi taratibu. Vali hiyo inakaa kwenye silinda yenyewe na springi inaishikilia ifungwe, hivyo umeme ukikatika au mpira wa mafuta ukipasuka, jukwaa linabaki lilipo. Watu wengi wanaogopa kwamba chaji ikiisha watadondoka. Hawadondoki. Ajali kubwa ya lifti ya mkasi ni kupinduka, nayo mara nyingi huanzia kwenye magurudumu.

Hatua ya pili: hakikisha ndiyo mashine unayoihitaji

Lifti ya mkasi hupanda wima, basi. Nyingi zina kipande cha sakafu kinachovutwa mbele kwa kama mita moja, lakini haina mkono wa kuvuka mtambo au kuruka rundo la marobota. Kama huwezi kusimama chini ya kazi yako, tafuta lifti ya mkono. Ukiweza kusimama chini yake, mkasi unaishinda ngazi kwa mbali: taa na feni za ghala, dari la ukumbi, rangi ya ndani ya msikiti, nyaya na mabomba kwenye viwanda, mapaa ya mabanda ya mashamba ya mkonge. Unapanda na vifaa vyako vyote, unafanya kazi mikono yote miwili ikiwa huru.

Ndugu zake wasio na magurudumu ya kujiendesha wako wengi kuliko unavyodhani. Gereji zinainulia magari. Karakana za mbao zinaweka rundo la mbao juu ya meza ya mkasi, likipungua linapandishwa ili fundi asiiname. Gari la kupeleka chakula kwenye ndege lina boksi lililokaa juu ya mkasi, linapanda mpaka usawa wa mlango. Hata jeki ndogo iliyo kwenye buti ya gari lako hutumia mikono ya kukunjana kwa mtindo huo huo, ila skrubu ndiyo imeshika nafasi ya silinda.

Za kupandia watu ziko za aina mbili kubwa. Ya umeme ni nyembamba, ina magurudumu magumu yasiyoacha alama, inataka sakafu ngumu iliyo sawa. Ya dizeli ina tairi kubwa zenye meno na mara nyingi miguu ya kujiegemeza, ni ya viwanjani, kama kwenye ujenzi wa matangi ya mafuta kule Chongoleani au kiwanda kinapojengwa. Usiingize ya dizeli ndani ya ghala lililofungwa. Moshi wake utawatoa wote nje.

Usidanganyike na kimo. Tangazo likisema "mita 7.8", mara nyingi ni kimo cha kufanyia kazi, yaani sakafu ya jukwaa ipo mita 5.8 na mita 2 zilizobaki ni wewe mwenyewe na mikono yako. Namba za modeli nazo hueleza kitu ukijua kuzisoma: 1930 ni futi 19 za kimo cha jukwaa na inchi 30 za upana. Mashine za kundi hilo kwa kawaida hubeba kilo 227, idadi ya ajabu mpaka ukumbuke kuwa ni ratili 500 za Wamarekani. Kile kipande cha kuvuta mbele hubeba kilo 113 tu. Mtu mmoja mnene na begi la spana, kimejaa.

Kuna wenye maghala watakaokuambia gharama ya nini, panda paleti, foklifti ikupandishe. Kataa. Paleti haina reli, haina kufuli ya kuishika kwenye uma, na dereva akigusa wenzo kwa bahati mbaya utakuwa umelala. Nimekosa kazi mbili kwa kukataa, na sijuti.

Hatua ya tatu: sakafu

Hapa ndipo watu hupita mbio, na hapa ndipo pa kukaa.

Lifti ndogo ya umeme inaonekana kama kitoroli, lakini ina uzito wa kama tani moja na nusu. Uzito huo ni wa makusudi, ndio unaoishikilia isipinduke. Ongeza watu na vifaa, ugawe kwa magurudumu manne, na ukumbuke kwamba hayagawani sawa: gurudumu moja linaweza kubeba zaidi ya nusu tani juu ya eneo la kiganja cha mkono. Kwa hiyo tembea kwanza. Pita njia yote itakayopita mashine, kuanzia linaposimama lori mpaka taa ya mwisho, ukiwa na kipande cha nondo mkononi. Gonga. Saruji nzima ina sauti kavu, saruji iliyo na uwazi chini inalia kama ngoma. Kila panapolia hivyo weka alama ya chaki. Kila mfuniko wa mtaro, chemba au shimo la zamani la mtambo, alama ya chaki.

Kuna siku sikuweka. Lilikuwa ghala la zamani si mbali na bandari, sakafu saruji nyembamba juu ya mawe ya matumbawe. Mtaro ulipita katikati, umefunikwa kwa vibamba vya zege. Nilimwuliza mzee aliyekuwa akilisimamia.

"Shikamoo mzee. Hivi vifuniko vinabeba?"

"Marahaba mwanangu. Hivyo? Malori ya katani yamepita hapo kabla wewe hujazaliwa."

Nikaona aibu kubishana na umri. Tulikuwa mita 4 juu, mimi na mwenzangu, tunasogea taratibu kuelekea taa ya pili, kibamba kikakatika. Gurudumu likazama. Kilichotuokoa ni vile vyuma viwili virefu ubavuni mwa mashine, ambavyo hushuka vyenyewe jukwaa likianza kupanda na kubaki karibu kugusa sakafu. Mashine ilikalia chuma badala ya kulala ubavu. King'ora kikalia, jukwaa likainama kidogo, mwenzangu akaanza kusoma aya zote alizohifadhi. Mtu wetu wa chini alivuta mpini wa kushusha kwa dharura, tukashushwa.

Mzee hakusema uongo. Tairi la lori ni pana, lina upepo, na linapita. Gurudumu letu ni jembamba, gumu, na lilisimama pale pale kwenye ukingo wa kibamba.

Tangu siku hiyo nina sheria zangu. Mfuniko wowote ambao sijaona unene wake naukwepa, au naweka bamba la chuma linalovuka pande zote mbili na kukaa imara. Vyuma vya kinga navitazama vinashuka mpaka mwisho kabla ya kupanda zaidi; vikikwama kwa changarawe mashine haitakubali kwenda, na fundi mjanja anayefunga swichi yake kwa waya ili "iendelee" anatakiwa kufukuzwa siku hiyo hiyo. Sakafu ya ghorofani siingizi mashine mpaka mhandisi wa jengo aseme kwa maandishi inabeba kiasi gani.

Kisha mwinamo. Weka pimamaji sakafuni pale utakapopandia. Lifti nyingi za umeme huvumilia kama nyuzi 1.5 kwa upande na nyuzi 3 mbele na nyuma, zaidi ya hapo king'ora kinalia na mashine inakataa kupanda. Nyuzi 1.5 ni kidogo sana, ni sentimita 2 tu kwa kila sentimita 76 za upana. Mwinamo wa kutolea maji ya kuoshea sakafu unaweza kuufikia. Na usijaribu kusawazisha kwa kuweka vipande vya mbao chini ya magurudumu; mbao huteleza.

Hatua ya nne: ikague mashine, ikiwa chini

Omba hati ya ukaguzi. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mitambo ya kunyanyulia ni jambo la wakala wa OSHA, na mwenye mashine anayeheshimu kazi yake hatakasirika ukiulizia karatasi. Kisha zunguka mwenyewe. Mafuta yaliyodondoka chini. Mpira wa haidroliki uliochubuka mahali mikono inapokunjana. Pini zote zina vishikizo vyake. Nyufa kwenye maungio ya kuchomelea, ambazo mara nyingi hujionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Geti la jukwaa linajifunga lenyewe.

Kuna sehemu mbili za kuiendesha, moja chini kwenye mwili wa mashine na moja juu kwenye jukwaa, na swichi ya ufunguo ndiyo inayochagua. Anzia chini, jukwaa likiwa tupu. Lipandishe mita mbili, bonyeza kitufe chekundu cha dharura, hakikisha linasimama. Lishushe. Lipandishe tena kidogo, sasa tafuta mpini wa kushusha kwa dharura, ambao kwa kawaida uko nyuma ya mwili, ulivute na uone linashuka bila umeme. Jaribio hili halina mbadala. Mpini uliokwama kwa kutu utaugundua ukiwa chini au ukiwa juu, chagua.

Na mtu wa chini awepo wakati unaujaribu, auvute kwa mkono wake. Usimweke kijana wa kusogeza maboksi ambaye saa sita atakwenda kununua chapati. Awe mtu anayebaki.

Hatua ya tano: kupanda na kufanya kazi

Ingia ukitazama mashine, kama unavyopanda ngazi. Funga geti. Tazama juu kabla ya kugusa chochote: boriti, nyaya, feni. Watu wanajeruhiwa vibaya kwa kubanwa kati ya reli ya jukwaa na boriti, jicho likiwa kwenye taa badala ya kichwani. Nyaya za umeme za nje, hata za nyumba, kaa nazo mbali angalau mita 3, za laini kubwa kaa mbali zaidi, na laini kubwa ikikaribia kabisa zungumza na TANESCO wazime. Lifti hii ni chuma kitupu, haikukingi na umeme hata kidogo.

Wenzo wa kuendeshea una kitufe cha kushika kwa vidole. Ukiachia, kila kitu kinasimama. Jukwaa likiwa chini mashine inakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Likiwa juu inajipunguza yenyewe mpaka mwendo wa kobe, na usiione kuwa mbovu. Hata hivyo mimi hushuka kila ninapohama zaidi ya hatua chache.

Miguu yote miwili ikae sakafuni mwa jukwaa. Usipande reli, usiweke ndoo, usiweke kingazi. Kama hufiki, ulikodi mashine fupi. Ukitoboa ukuta kwa mashine ya kutobolea zege, kumbuka ukuta unakusukuma nyuma. Kibao cha mashine huandika kikomo kwa niutoni, na 400 ni kama kusukuma kwa kilo 40. Mtu mwenye hasira na zege gumu anafika hapo kirahisi. Kama eneo la kazi linataka uvae mkanda wa mwili, ufunge kwenye tundu lililowekewa alama ndani ya jukwaa. Usiufunge kwenye boriti ya paa. Jukwaa likishuka utabaki unaning'inia kama popo.

Upepo ni habari nyingine. Mashine nyingi ndogo zimeandikwa ni za ndani tu, na ghala lenye milango miwili mikubwa iliyofunguliwa kuelekea baharini si "ndani" hata kidogo. Zile zinazoruhusiwa nje mara nyingi kikomo chake ni mita 12.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 45 kwa saa, na kusi likiamka mwezi wa saba hapa pwani halikosi vishindo vya hivyo. Mbaya zaidi ni unachobeba. Shiti la jipsamu, bango la tangazo, bati refu: sisi wenyeji wa mji huu tusingepaswa kuambiwa tanga ni kitu gani na linafanya nini likisimamishwa juu ya mlingoti. Bango limeshapindua mashine ambazo bila bango zisingetikisika. Subiri upepo utulie, au ufanye kazi hiyo alfajiri.

Hatua ya sita: ukimaliza

Kabla ya kushuka tazama chini. Mikono ya mkasi ikijikunja inakata kama jina lake, na watoto, paka na wafanyakazi wanaotafuta kivuli wote hupenda kukaa karibu. Anayetaka kuingiza mkono kati ya vyuma kwa matengenezo asimamishe kwanza kile chuma cha kuzuia kilichofungwa kwenye mikono, hata kama ni kwa sekunde tano.

Iache ikiwa chini kabisa. Pistoni ikiwa imeingia ndani ya silinda, ule mwili wake unaong'aa haupati hewa ya chumvi. Ukiachwa nje siku kadhaa hapa Raskazone au bandarini, chumvi huanza kuula kwa vitone, na kila kitone kinakata sili kila inapopita, mpaka mafuta yavuje. Kwenye kiwanda cha saruji adui ni vumbi: likichanganyika na mafuta kwenye pistoni linakuwa msasa. Futa kwa kitambaa safi chenye mafuta kidogo. Kuhusu grisi, soma kwanza kitabu cha mashine. Bushi za nyingi za siku hizi hazitaki grisi, na ukizipaka unazikusanyia mchanga.

Betri zilizo nyingi ni nne za volti 6, jumla volti 24. Zichaji kila jioni hata kama hujazimaliza, mahali penye hewa kwa sababu hutoa gesi inayowaka, na mvuta sigara akae mbali. Maji ya betri, yale yaliyosafishwa na si ya bomba, yaongezwe baada ya chaji kujaa. Ukiyajaza kabla yatafurika na asidi itamwagika sakafuni.

Toa ufunguo, uutie mfukoni mwako. Mlinzi wa usiku ni mtu mzuri, lakini saa nane za usiku ni ndefu, na swichi ile inavutia.